Je, Kuokolewa Kunatosha?

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Maana yake ni kwamba aliyelala kitandani hana haja ya kuulizwa kama anautaka uji au hautaki. Hali yake inajieleza, na anayempenda humletea tu. Nimekua na methali hii na sikuwahi kuitilia shaka mpaka mwaka jana, shangazi yangu alipoanguka katika soko la Wandegeya.

Ssenga, kama tunavyomwita shangazi huku Buganda, anauza chakula: matoke, wali, mchuzi wa karanga, na samaki siku anapowapata kwa bei nzuri. Wateja wake wengi ni wanafunzi wa Makerere wanaoteremka kilima wakiwa na njaa, na ndugu wa wagonjwa wanaotoka Mulago. Siku hiyo hakuanguka kutoka ngazini, wala hakugongwa na boda boda, ajali ambazo Wandegeya hazikosekani. Aliteleza mahali tambarare palipomwagika maji, akajikinga kwa mkono wa kulia, na mfupa ukavunjika karibu na kifundo. Alikuwa na miaka 43.

Daktari kijana aliyemfunga plasta alitazama picha ya eksirei kwa muda, kisha akauliza jambo ambalo hatukulitarajia: "Mama, hedhi yako ilikoma lini?" Ssenga akajibu kwamba ilikoma alipopasuliwa akiwa na miaka 34. "Walitoa nini?" Ssenga akasema, "Walitoa kilichokuwa kibaya."

Ndivyo alivyoambiwa miaka tisa iliyopita katika hospitali moja ya mbali na Kampala, alikofikishwa usiku akiwa na maumivu makali ya tumbo. Aliporuhusiwa kurudi nyumbani alipewa barua iliyoandikwa kwa Kiingereza. Aliitunza ndani ya Biblia yake, na bado ilikuwamo. Barua hiyo inasema wazi kwamba aliondolewa mji wa mimba pamoja na ovari zote mbili, yaani vile vifuko viwili vya mayai.

Ninalijua hilo kwa sababu nilikuwa mtu wa kwanza kuombwa kumsomea. Nilikuwa na miaka 13, kidato cha kwanza, na katika nyumba yetu mimi ndiye niliyesifiwa kwa Kiingereza. Niliyaona maneno yale. Moja lilikuwa refu na sikulielewa, lakini lile la ovari nilikuwa nimeshalisoma darasani katika somo la baiolojia. Niliona haya kulitamka mbele ya mtu mzima. Nikaliruka, nikakunja karatasi, nikasema: "Wanasema umepona, Ssenga."

Swali langu katika insha hii ni hili: mtu akishaokolewa asife, je, waliomwokoa wamemaliza deni lao? Na kama hawajalimaliza, ni deni la nini hasa, na ni la nani?

Kwanza tuelewe kilichopotea. Watu wengi tunadhani kazi ya ovari ni kuzaa tu, kwa hiyo mwanamke aliyekwisha kupata watoto hana cha kupoteza. Sivyo. Ovari hutengeneza homoni ya estrojeni, na estrojeni ni mlinzi wa mifupa. Mfupa si kama jiwe lililokwisha kuchongwa. Ndani yake zimo seli zinazobomoa sehemu kuukuu na seli nyingine zinazojenga upya, usiku na mchana, maisha yote. Estrojeni huwazuia wabomoaji wasizidishe. Ikiondoka ghafla, wabomoaji huwashinda wajenzi, na hasara huwa kubwa zaidi katika miaka ya kwanza. Huanza kuonekana pale ambapo mfupa ni kama sifongo: uti wa mgongo, kifundo cha mkono, na baadaye nyonga. Mwanamke ambaye hedhi yake imekoma kwa umri, karibu na miaka 50, hupitia njia hiyohiyo. Aliyeondolewa ovari akiwa na miaka 34 anaianza safari miaka 15 au zaidi kabla ya wenzake.

Jambo hili si siri mpya. Daktari Fuller Albright wa Boston, Marekani, aliandika mwaka 1941 kuhusu uhusiano wa kukoma hedhi na mifupa inayopondeka. Mwaka 1976 Robert Lindsay na wenzake wa Glasgow walitoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya wanawake walioondolewa ovari. Baadhi walipewa estrojeni, wengine walipewa vidonge visivyo na dawa. Waliopata estrojeni walihifadhi mifupa yao; wale wengine waliendelea kuipoteza. Baba yangu alikuwa hajazaliwa wakati Albright anaandika, na mimi sikuwa hata wazo wakati wa Lindsay. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba miaka tisa iliyopita elimu ilikuwa bado haijapatikana.

Sasa niwape nafasi wanaosema kwamba kuokolewa kunatosha, maana hoja yao si nyepesi.

Wanasema: uhai kwanza. Tazama nchi yetu. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayowapata wanawake wengi zaidi Uganda, na wengi hufika hospitalini wakiwa wamechelewa. Mwaka 2016 mashine pekee ya tiba ya mionzi nchini, iliyokuwa Mulago, iliharibika kabisa, na mpya ilizinduliwa Januari 2018. Katika muda huo baadhi ya wagonjwa walipelekwa Nairobi, na wengi hawakuwa na njia ya kwenda popote. Mionzi inayoelekezwa kwenye nyonga kuua saratani huua pia kazi ya ovari. Lakini mwanamke anayengojea mionzi hiyo, ukimwambia habari za mifupa yake ya miaka ishirini ijayo, si ni kama kumwambia anayezama kwamba nguo zake zitaloa?

Nakubali nusu ya hoja hii. Anayezama avutwe kwanza. Daktari aliyempasua Ssenga usiku ule alifanya lililompasa, na kama angesita, leo nisingekuwa na shangazi. Lakini hoja ya "uhai kwanza" inatuambia lipi litangulie. Haituambii kwamba baada ya la kwanza hakuna la pili. Tukisema kwanza, tumeshakiri kwamba kuna kinachofuata. Dharura ina mwisho wake. Ssenga alilala hospitalini siku kumi na moja baada ya kupasuliwa. Siku ya pili alikuwa anakunywa uji. Siku ya tano alikuwa anatembea hadi dirishani. Kati ya siku hizo hakuna hata moja ambayo mtu alikaa karibu naye akamweleza.

Niwape mfano wa hapa kwetu. Moto ukizuka Katanga, lile bonde la nyumba zilizobanana kati ya Wandegeya na Mulago, watu hubomoa ukuta wa jirani ili moto usivuke. Hakuna anayewalaumu. Hata mwenye ukuta, moto ukizimika, huwashukuru. Lakini fikiria ukuta huo uko nyuma ya nyumba, mwenyewe hajauona, na waliobomoa wakaondoka bila kumwambia. Usiku anafunga mlango wa mbele kwa kufuli, analala akijiona salama. Wezi wakiingia kwa nyuma, je, tutasema waliobomoa hawahusiki kwa kuwa walimwokoa na moto? Walikuwa na haki ya kubomoa. Hawakuwa na haki ya kumwacha alale akidhani ana ukuta.

Hoja ya pili ni ya huruma, na ndiyo inayofanana zaidi na ile methali. Wanasema: ukimwambia mwanamke wa miaka 34 kwamba hana tena ovari, unamvunja moyo. Pengine mumewe atamwacha. Pengine atajiona si mwanamke kamili. Afadhali apone kwanza kwa amani. Naijua huruma hii, kwa sababu ndiyo niliyojisingizia mimi nilipokunja ile barua.

Nitaijibu kwa kueleza kilichotokea. Wiki moja baada ya kufungwa plasta, Ssenga alinipa tena barua ileile, akasema, "Leo usiruke." Nikaisoma yote, neno kwa neno, nikaifasiri kwa Luganda. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniambia kwamba miezi ile ya kwanza baada ya upasuaji alikuwa anaamka usiku amelowa jasho, shuka zimelowa, moyo unaenda mbio. Akaamini ni UKIMWI. Alikwenda kupima kwa siri mara tatu, katika zahanati tatu tofauti, kwa sababu kila majibu yaliporudi hana, hakuyaamini. Aliacha kula na sisi meza moja kwa muda, nasi tukadhani amekasirika. "Ungenisomea, mwanangu," alisema, "ningejua kwamba ni mwili tu unaulizia kilichoondoka."

Hiyo ndiyo amani tuliyomhifadhia kwa kumficha. Ukimya wetu haukumwondolea khofu. Ulimwondolea jina la kile alichokuwa anakipitia, na khofu isiyo na jina hujitafutia jina baya zaidi. Tena yeye ni ssenga. Kwa desturi ya Buganda, shangazi ndiye anayewafundisha wasichana mambo ya mwili na ndoa. Mimi mwenyewe nilifundishwa naye. Miaka yote hiyo alikuwa anaifundisha miili ya wengine huku mwili wake mwenyewe ukiwa barua isiyosomwa.

Kwa hiyo naona methali yetu inahitaji mpaka. Mgonjwa haulizwi uji, sawa, kwa sababu uji tunaujua sote na madhara yake hayapo. Lakini yapo mambo ambayo mgonjwa ni lazima aulizwe, na tiba ya homoni ni mojawapo, kwa kuwa si uji. Ina faida na ina hatari zake, na hatari hizo hazilingani kwa kila mtu.

Hapa niseme neno juu ya hatari, maana wengi huogopa kwa habari nusu. Mwaka 2002 uchunguzi mkubwa wa Marekani juu ya wanawake wa miaka 50 hadi 79 ulisimamishwa kabla ya wakati. Waliokuwa wanapewa estrojeni pamoja na projestini walionekana kuzidi kupata saratani ya matiti, kiharusi na damu kuganda, ingawa walivunjika nyonga kwa uchache zaidi. Mwaka 2004 sehemu ya waliopewa estrojeni peke yake, yaani wasio na mji wa mimba, nayo ilisimamishwa kwa sababu ya kiharusi. Saratani ya matiti haikuonekana kuongezeka kwao. Habari hizo zilienea duniani na madaktari wengi wakaacha kuandika dawa hizo. Lakini wanawake wale walikuwa wamekwisha kukoma hedhi, na wote walikuwa na miaka 50 au zaidi. Kuwapa homoni ni kuwaongezea kile ambacho mwili umekwisha kuacha kukitengeneza kwa wakati wake. Mwanamke wa miaka 34 aliyeondolewa ovari anarudishiwa kile ambacho wenzake wa umri wake wote bado wanacho, na kwa kawaida hushauriwa kukitumia hadi karibu na umri wa miaka 50. Kuuchukua uamuzi wa bibi wa miaka 65 na kuufanya hukumu ya binti wa miaka 34 ni kosa la kufikiri kabla halijawa kosa la tiba. Hata hivyo wapo vijana wasioweza kuitumia, kwa mfano waliowahi kuugua saratani ya matiti. Ndiyo maana nasema aulizwe, aelezwe, apimwe. Sisemi apewe tu, kwa sababu hapo tungerudi kwenye uji.

Hoja ya tatu ni fedha. Wanasema nchi maskini haiwezi kuwalipia watu mifupa wakati wengine wanakosa hata dawa za malaria. Hii ndiyo hoja iliyonisumbua zaidi. Daktari yule kijana alipomwandikia Ssenga estrojeni, nilitembea na karatasi kutoka duka la dawa hadi duka la dawa. La kwanza hawakuwa nayo, la pili walinitazama kama ninaomba kitu cha anasa. Nilipoipata, ilikuwa ya mwezi mmoja tu. Muuzaji aliniuliza, "Mama anataka kuwa msichana?" Alikuwa anatania, lakini ndani ya utani wake kulikuwa na hukumu: homoni ni tamaa ya ujana, si dawa.

Nikirudi nyumbani niliwaza jambo moja. Katika vituo vya afya vya serikali, wanawake hupewa bure vidonge vya kupanga uzazi, na vingi vya aina hiyo vina estrojeni ndani yake. Si kusema kwamba ni dawa ileile kwa kipimo kilekile, wala simshauri mtu abadilishe kimoja kwa kingine bila daktari. Ninachosema ni kwamba homoni yenyewe si ngeni kwetu wala si ya matajiri. Tumeweza kuifikisha vijijini kwa mwanamke asiyetaka kuzaa sasa. Yule asiyeweza kuzaa tena hatukumfikiria. Inaonekana tumezoea kuutazama mwili wa mwanamke kupitia tumbo lake la uzazi: likifanya kazi, tuna mipango, likiondolewa, faili limefungwa. Hili si suala la fedha peke yake. Ni suala la nani tunayemhesabu.

Hata hivyo ni kweli kwamba hazina ya serikali ina mwisho. Kwa hiyo natenganisha madeni mawili. La kwanza ni deni la kumwambia mtu kilichotolewa mwilini mwake na kitakachofuata. Deni hili halihitaji mashine wala bajeti. Linahitaji dakika kumi, kiti kimoja, na lugha ambayo mgonjwa anaielewa. Umaskini hauwezi kuwa udhuru wake. La pili ni deni la dawa na vipimo. Hili nakubali litalipwa kidogo kidogo, na watu wenye akili wanaweza kutofautiana juu ya kiasi na zamu. Lakini tusitumie ugumu wa deni la pili kukwepa la kwanza. Mwanamke anayejua anaweza kufanya mengi hata kabla ya kupata kidonge: kula mukene na maziwa, kutembea, kuondoa vitu vya kumkwaza nyumbani, kumwambia daktari yeyote atakayekutana naye, kuweka akiba kwa ajili ya dawa. Asiyejua hawezi hata kuuliza.

Nasi wanafunzi wa Kiswahili tuna sehemu yetu. Tangu 2005 katiba yetu inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na tunasifu jambo hilo katika kila mdahalo. Lakini barua ya hospitali bado inaandikwa kwa Kiingereza na kusomwa na mtoto wa kidato cha kwanza anayeona haya. Iwe Kiswahili, iwe Luganda, iwe Lugbara, lugha iliyomfaa mgonjwa ni ile inayomfikia. Maneno yapo: ovari, vifuko vya mayai, kukoma kwa hedhi, mifupa kudhoofika. Hayana uchafu wowote. Uchafu tulioutia sisi, na umewagharimu mama zetu.

Je, nami nina hatia? Mwalimu wangu aliposoma rasimu ya insha hii aliniambia nisijilaumu, mtoto hana kosa. Namshukuru, na kwa sehemu ni kweli: mtoto wa miaka 13 hakupaswa kubebeshwa barua ile. Lakini sikuiruka ovari kwa kutojua. Niliiruka kwa sababu niliamua, ndani ya sekunde moja, kwamba mimi ndiye ninayejua anachoweza kukisikia Ssenga. Huo ndio uamuzi uleule walioufanya watu wazima hospitalini. Naona kosa hili haliwi dogo kwa kuwa limefanywa kwa upendo. Upendo usiouliza humfanya mpendwa kuwa mtoto, hata akiwa ni yeye aliyetulea.

Ssenga alielezwa yote: faida, hatari, gharama, na kwamba kwa kuwa hana mji wa mimba angehitaji estrojeni peke yake. Jirani mmoja sokoni alimwambia kutumia dawa hizo ni kushindana na Mungu. Ssenga akamjibu kwamba aliyezitoa ovari alikuwa na kisu na glavu, kwa hiyo haoni kwa nini anayezirudishia kazi yake aitwe mshindani wa Mungu. Alimwomba daktari siku tatu za kufikiri. Siku ya nne alikubali.

Mimi sijui kama angekubali au angekataa miaka tisa iliyopita. Labda angesema hapana. Labda fedha zisingetosha na mfupa ungevunjika vilevile. Lakini kama angekataa, ungekuwa mkono wake uliovunjika kwa uamuzi wake, si kwa ukimya wetu. Kuokolewa, basi, hakutoshi. Aliyeokolewa lazima ajue ameokolewa na nini amebaki nacho, ili maisha aliyorudishiwa yawe yake.

Barua ile imerudi ndani ya Biblia. Safari hii ina karatasi ya pili iliyobanwa nyuma yake, niliyoiandika kwa Luganda kwa mkono wangu, neno kwa neno.